Feni, pangaboi au AC: cha kununua joto la Moshi likianza

Kuanzia Desemba mpaka mvua za masika zishike, maduka ya vifaa vya umeme Moshi mjini huzitoa feni barazani na kuziwasha zote kwa pamoja ili upepo umvute mpita njia. Muuzaji atakusifia upepo huo, lakini wati hatazitaja mpaka umuulize. Bei ya dukani mtapatana, ila LUKU haipatani na mtu. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kile ambacho kifaa kinakula kila mwezi kikishafika nyumbani.

Wa Arusha soma namba moja halafu uendelee na shughuli zako. Mji uko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na hata Februari usiku watu wanavuta blanketi. Feni ndogo ya mezani ya mchana inawatosha wengi. AC ya chumba cha kulala Njiro au Sakina ni pambo. Joto lenyewe liko Moshi, mchana nyuzi 32 au 33, na ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC unaongezewa kidogo.

Kabla ya kutoa hela, jua umeme unaununua kwa bei gani. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayopanga bei za umeme, nyumba ya matumizi madogo, D1, inalipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa 122. Ukizidisha 75, kila uniti ya ziada ni 350, na makato yakiingia unalipa 427. Wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292 kuanzia uniti ya kwanza, karibu 356 na makato yake. Hakuna haja ya kwenda ofisi ya TANESCO kuuliza. Ukilipa 9,150 ukapata uniti 75, uko D1. Ukilipa 10,000 ukapata 28 na chenji, uko T1. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana hapo ndipo kodi ya majengo inapokatwa na uniti zinapungua.

Hizo 75 ndizo zinazoamua ununue nini. Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000.

1. Feni ya kusimama

Inakula wati 45 hadi 60. Ya wati 50 ikilala imewaka saa 10 imemaliza nusu uniti, yaani uniti 15 kwa mwezi. Kwa D1 hiyo ni shilingi 1,830, kwa T1 ni kama 5,300. Wa D1 anabakiwa na 60 za taa, TV, pasi na hata friji ndogo. Hakuna kingine kwenye orodha hii kinachokupa nafuu kubwa hivyo kwa umeme mdogo hivyo. Halafu mpangaji akihama anaibeba.

Faida yake nyingine ni kwamba unaiweka unapotaka, na Moshi hilo ni jambo kubwa. Ikifika saa tatu au saa nne usiku hewa ya nje imeshapoa, lakini tofali na bati vilivyoota jua tangu asubuhi bado vinatoa joto ndani. Feni inayozungushia hewa hiyohiyo katikati ya chumba inakupulizia joto la mchana. Isogeze dirishani, iangalie ndani, ivute hewa ya nje. Nyumba nyingi mpya zina madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, na hayo yanafunguka nusu tu, kwa hiyo feni ikae upande ule unaofunguka. Wavu wa mbu uupige brashi. Ukijaa vumbi unazuia upepo kuliko unavyofikiri.

Dukani usiridhike na feni iliyowekwa namba tatu. Iweke namba moja, subiri itulie, sikiliza. Nyingine namba moja yake ina kelele sawa na tatu, na hiyo hutalala nayo. Inyanyue, maana mota nyepesi kupita kiasi ni dalili mbaya. Ukiweza chukua yenye kitako cha duara kilicho kizito. Zile za miguu ya msalaba mtoto akipita kwa kasi ziko chini.

2. Pangaboi

Kama nyumba ni yako, hii inaweza kupanda ikawa ya kwanza. Inapoza kitanda kizima, haichukui nafasi, watoto hawaifikii. Ya kawaida inakula wati 70 hadi 80, ila siku hizi zipo zenye mota ya BLDC (isiyo na brashi) na rimoti, zinazokula kama wati 30. Kwa saa 10 kila usiku, tofauti yao inakaribia uniti 14 kwa mwezi. Wa T1 anaokoa karibu 5,000 kila mwezi wa joto, kwa hiyo aongeze hela achukue BLDC. Wa D1 anaokoa chini ya 2,000. Huyo anunue ya kawaida tu, isipokuwa kama anahesabu uniti asivuke 75.

Ining'inizwe kwenye mbao ya kenchi au kwenye nondo ya zege, kamwe isishikwe na silingi bodi au jipsam peke yake. Mapanga yawe juu ya mita mbili na kitu kutoka sakafuni, na chumba chenye kitanda cha ghorofa kisiwekewe kabisa.

Kama pangaboi la zamani limeanza kuvuma na halizunguki mpaka ulisukume kwa fimbo, usikimbilie jipya. Mara nyingi ni kapasita imechoka. Fundi anaibadilisha kwa muda mfupi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pangaboi zima.

3. Feni ya kuchaji

Hii ni ya usiku ambao umeme umekatika, basi. Upepo wake ni mdogo na betri huchoka. Chukua yenye sehemu ya kuchomeka soketi ya sola, hasa kama una paneli ndogo juu ya bati tayari.

4. Feni ya maji

Ile yenye tangi unayomwagia maji na barafu. Inapoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, kwa hiyo inataka hewa kavu na dirisha wazi. Mchana wa Januari na Februari Moshi inafanya kazi vizuri. Machi mvua zikikaribia hewa inajaa unyevu, na hapo inakulowesha badala ya kukupoza. Wati zake si nyingi, kati ya 70 na 150, lakini barafu unayoitia umeigandisha kwa umeme uleule. Na maji yakikaa tangini yanakuwa nyumba ya mbu.

5. AC

AC ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula wati 1,000 hadi 1,200 mashine yake ikiwa inafanya kazi. Ukitoa muda inapopumzika, usiku wa saa 8 unamaliza uniti 5 hadi 6. Kwa mwezi ni 150 hadi 180, na kwa T1 ni shilingi 53,000 hadi 64,000. Wa D1 anaivuka 75 kabla mwezi haujafika katikati, anaanza kununua ya 427.

Ninaielewa kwa mwenye mgonjwa ndani, au ofisi iliyojaa kompyuta. Ukiamua, chukua ya inveta, ile inayopunguza kasi ya mashine badala ya kuzima na kuwasha, BTU 9,000 kwa chumba cha kawaida cha kulala, iweke nyuzi 26 na uongeze feni. Chumba kisicho na silingi, au chenye vioo vya kufungua kwa vipande visivyobana, kwanza kitengeneze. Vinginevyo unapoza mtaa. Dirisha linalotazama magharibi liwekewe pazia zito. Soko la Memorial yapo ya mtumba mazuri, na pazia haliombi tokeni.

Kinachokula LUKU wakati wewe unailaumu feni

Ni friji. Joto likipanda friji inafanya kazi muda mrefu zaidi, na ndicho kipindi ambacho kila mtu anataka maji ya baridi na watoto wanaufungua mlango kila dakika. Ndogo iliyo nzima inakula kama uniti moja kwa siku. Friza kuukuu, au friji ambayo mpira wa mlango umelegea, inaweza kufika mbili na kuendelea. Bana noti kwenye mlango, uvute. Ikitoka bila kukaza, badilisha mpira kabla hujanunua chochote kwenye orodha hii. Isogeze mbali na ukuta na jiko. Ukinunua ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma: iliyotumika Japani ni ya volti 100, na huku tunatumia 230.

Kwenye nyumba za kupanga za Pasua au Majengo, vyumba vinne vikichangia LUKU moja, ugomvi wa Februari huwa juu ya friji ya mmoja. Huwezi kuwalaumu: ikiivusha nyumba kwenye 75, hata mwenye taa moja ananunua uniti ya 427. Mchango sawa kwa kila chumba hauko sawa hapo. Muombeni mwenye nyumba aruhusu fundi afunge mita ndogo kwenye chumba chenye friji, isomwe kila tarehe moja mbele ya wote. Mwenye feni peke yake anajulikana: uniti zake ni 15.