TAHADHARI: Muuza pistoni za "forji" za 1JZ anayetuma mzigo Dodoma kwa basi

Wakuu, nimepigwa. Milioni moja na laki nne na nusu imeliwa na mshenzi mmoja anayejiita mtaalamu wa spea za JZ, zile injini za Toyota, na bloku ya injini yangu iko kwa fundi Kizota, silinda zimeshachongwa. Chuma kikishachongwa hakirudi.

Gari yangu ina 1JZ-GTE, ile ya turbo. Nikaapa injini inafunguliwa yote, turbo inabaki, pistoni zinaingia za forji, yaani zilizofuliwa, siyo za kumimina.

Kabla hamjaanza kunicheka, sikieni alivyokuwa anaongea. Kanipokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nikajua huyu wa nyumbani. Nikamwambia kuna mtu Chang'ombe ana pistoni za 1JZ-GE ya VVT-i kwa bei ya kawaida, vipi nichukue? Akanifokea! Kwamba hizo ni za injini isiyo na turbo, mgandamizo wake 10.5 kwa 1, nikizifunga na kuanza kusukuma upepo itagonga mpaka pistoni zipasuke. GTE ya VVT-i, toleo la baadaye la turbo, ni 9.0, ile ya zamani 8.5. Nikahakiki, yote kweli. Nikamtega na konrodi (mikono ya pistoni) za 2JZ, akacheka: "Kaka, zile zina milimita 142, zako 125 na robo, zitakaa wapi?" Sasa tapeli gani anayajua hayo? Mwizi wa kawaida angeniambia JZ zote zinaingiliana, leta hela.

Kisha akatuma video. Pistoni imebanwa kwenye maikromita, inasoma 86 nukta arobaini na kitu. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo ya hamsini, yaani nusu milimita juu ya 86 ya kiwandani, silinda ichongwe 86.50, kilichobaki ni nafasi ya pistoni kutanuka maana forji hutanuka kuliko za kumimina. Hilo nalo kweli! Akamalizia, "Wahi foleni kwa fundi, chonga hamsini, mzigo uko njiani." Nikalipa, bloku ikachongwa.

Boksi likashuka stendi ya Nanenane limepambwa stika inayong'aa. Nikalibeba kwa bodaboda, nimelikumbatia mapajani. Nikalifungua mbele ya mafundi wote pale, natabasamu kabisa. Mzee, fundi wangu, akatoa moja, akaisugua kwa kidole, akaipima. Akapima ya pili. Akaniangalia. "Mwanangu, hii ni 86 kavu." Nikamwonyesha kichwani pameandikwa 0.50. Akasema hayo maandishi yamegongwa kwa mkono, hata hayako kwenye mstari. Akaitumbukiza kwenye silinda bila ringi, ikawa inagonga huku na huku kama mchi kwenye kinu. Vijana wa pale wakaacha kazi kuja kutazama. Mmoja akarekodi. Akiirusha popote tutagombana.

Na wala si forji. Mzee kaigeuza ndani akasema imemiminwa kwenye kalibu, na uzito wa moja hadi nyingine haulingani.

Nimempigia, simu ikakatwa. Nikapiga kwa laini ya shemeji, akapokea, kusikia sauti yangu akazima. Polisi nimefungua jalada, namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Mtu kama huyu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilitungwa kwa ajili yake, na mimi nataka afungwe, siyo aambiwe arudishe hela kidogokidogo. Apelekwe gereza la Isanga akapasue kuni mpaka akome kuchezea injini za watu. Hela ile nilikuwa naikusanya tangu msimu wa alizeti!

Dalili, kwa wanaouliza: hana duka, anasema yuko Gerezani lakini ukitaka kumtuma ndugu yako wa Dar akaone mzigo, "stoo imefungwa". Jina la lipa namba siyo analojiita. Pistoni ya kwenye video ilikuwa na vikombe vya valvu, zilizokuja ni bapa. Boksi halikuwa na karatasi ya kiwanda inayosema uache nafasi kiasi gani. Na Mzee anasema pistoni zinatangulia mezani, zinapimwa moja moja, ndipo silinda inachongwa kuzifuata. Mwuzaji anayekuhimiza uchonge kwanza anataka uwe huna pa kurudi.

Hubadilisha laini na picha, ila ile "Mbukwenyi" na video ya maikromita anatumia kwa kila mtu, wawili wameshaniambia, mmoja wa Singida.

Mwenye seti ya kweli ya 1JZ-GTE saizi hamsini aje inbox. Mzigo utapimwa Kizota na Mzee, hela utaipokea hapohapo.