Kung'oa herufi na nembo za gari bila kuchuna rangi: fundi wa Gerezani

Nilipeleka Toyota Premio yangu kwa fundi wa rangi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ili aning'olee herufi za kwenye buti na mikanda ya plastiki ya milangoni. Nilikwenda na hofu, kwa sababu karakana niliyoitumia zamani iliingiza bisibisi chini ya nembo na kuchuna rangi hadi kwenye bati.

Huyu hakushika chuma chochote. Aliosha bodi kwanza ili mchanga usikwaruze, akapasha kila herufi kwa draya ya saluni, akiitembeza bila kuituliza mahali pamoja na kugusa bati kwa kiganja mara kwa mara, kisha akapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya herufi na kuuvuta huku na huku kama msumeno, mpaka gundi ikakatika. Mabaki aliyasugua kwa kidole gumba, na yaliyong'ang'ania akayafuta kwa spiriti na kitambaa laini. Nembo kubwa aliikagua na kunishauri tuiache, kwa kuwa ina vipini vilivyoingia kwenye matundu ya bati, ambayo yangepitisha maji.

Umbo la herufi bado linaonekana kwa mbali, maana rangi iliyofunikwa haikupauka kwa jua kama ya pembeni yake, na polishi imelipunguza tu. Hilo alinieleza kabla hajaanza kazi, na ndiyo sababu nitarudi kwake.