Nati na bolti za shafti: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Shafti ya gari, ule mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi kuelekea magurudumu, ikishushwa, iwe ni kubadilisha krosi (kiungo chake kinachojikunja) au kutoa giaboksi, bolti na nati zake ndizo hukumbukwa mwisho. Zile za zamani hurudishwa zilezile, basi. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua nati mpya. Nati ya kujifunga, yaani iliyoundwa kubana thredi isilegee yenyewe, ikishafunguliwa imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kubana, hata kama kwa macho inaonekana safi.

Namba moja kwangu ni seti ya mtengenezaji wa gari, inayoagizwa kwa namba ya kipuri. Silipii nembo ya pakiti. Nalipia urefu wa shingo ya bolti, ile sehemu laini isiyo na thredi. Bolti yenye thredi hadi kichwani itaingia na itakaza, lakini pale flenji, zile sahani mbili zinazofungwa pamoja, zinapokutana itakuwa imebakia thredi, ambako ni kwembamba kuliko shingo. Baadhi ya bolti hizi pia hutanuka kwa makusudi zinapokazwa, kwa hiyo ni za kutumia mara moja tu.

Ukikosa seti, chukua nati ya kujifunga ya chuma tupu. Itambue kwa mdomo wa juu uliobinywa kidogo. Haiogopi joto, hivyo inafaa shafti inayopita karibu na ekzosi. Nati ya nailoni, yenye pete ya nailoni ndani ya mdomo wake, inafuata: ni rahisi kupatikana na inashika vizuri, ila nailoni ya kawaida mwisho wake ni kama nyuzi joto 120. Ncha ya bolti lazima itokeze nje ya nailoni walau thredi moja nzima. Ikiishia ndani, hujafunga kitu.

Gundi ya thredi ni ya bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye flenji bila nati. Loctite 243, ya bluu, hufunguka kwa spana za kawaida. Zile nyekundu kali mara nyingi hudai moto. Thredi zikiwa zimelowa mafuta au zina mabaki ya gundi ya zamani, unapoteza pesa.

Spring washa, zile pete zilizokatwa na kupindwa kama springi, ziache. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinacholegeza bolti hasa ni kuyumba kwa kando, na shafti haikosi hilo. Spring washa hulala bapa mapema, kabla bolti haijafikia mkazo wake, na tangu hapo ni washa ya kawaida tu.

Nati kubwa inayofunga ncha ya shafti kwenye habu ya gurudumu ina sheria zake. Ile ambayo mdomo wake hugongwa kwa patasi ili isizunguke hununuliwa mpya kila mara. Ile ya kotapini, pini ya kukunja inayopita kwenye nati na shafti, matundu yasipolingana, endelea kukaza hadi yalingane, usiirudishe nyuma.

Dukani soma namba ya ugumu kwenye kichwa cha bolti. Ya 10.9 inataka nati ya 10, ya 8.8 inataka ya 8, na usishuke chini ya iliyotoka. Kisha pima nafasi kati ya thredi: M10, yaani bolti ya unene wa milimita 10, huja kwa milimita 1.5, 1.25 na 1.0, na kwa macho zinafanana. Nati sahihi ya nailoni huzunguka kwa vidole mpaka igonge nailoni. Ikigoma kwenye mizunguko ya mwanzo, irudishe kaunta, usiilazimishe kwa spana.