Uzoefu wangu: Nilipeleka insha ya cherehani, nikarudishiwa kisima

Nimejaribu kuandika haya kwa utulivu nimeshindwa, mtanivumilia.

Kuna ofisi hapa Dar inasaidia wanafunzi kuomba vyuo vya Marekani. Jina silitaji. Nilikwenda kwao baada ya kumaliza kidato cha sita, kipindi kile watu wanahangaikia tarehe za mwisho za maombi, za Novemba na Januari. Ofisi safi, kiyoyozi, maji ya chupa unapewa. Hapo sina neno.

Insha yangu ilikuwa tayari. Nasema ile kuu ya Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, insha isiyozidi maneno 650, ambayo unaiandika mara moja na kuituma kwa vyuo unavyoomba humo. Niliandika habari za mama yangu, fundi cherehani, na kazi yangu ya kupima wateja wa sare za harusi. Kitambaa kimoja, wanawake chungu nzima, hakuna mwili unaofanana na mwenzake, na kila mmoja anataka kiuno kibanwe kuliko mama anavyomshauri. Ilikuwa inachekesha. Mwalimu wangu wa Kiingereza aliisoma akacheka mpaka akavua miwani.

Mshauri akaisoma huku anajibu simu. Alipomaliza akaniuliza: "Mdogo wangu, sasa hapa umaskini uko wapi?"

Nikadhani sijamsikia vizuri. "Umaskini gani, kaka?"

"Wanaosoma kule wanataka kuona umetoka wapi. Mama fundi, sawa. Maji mlikuwa mnateka wapi?"

Nikamwambia bombani. Kwetu Tabata bomba liko uani, likikauka tunanunua ya boza. Akacheka kile kicheko cha kumchekea mtoto, akasema, "Niachie mimi."

Basi nikamwachia, maana hela nilishalipa. Siku chache baadaye insha ikarudi. Mama hayumo. Cherehani haimo. Nimo mimi, alfajiri, dumu kichwani, natembea kwenda kisimani huku naota kuwa mhandisi. Na mimi naomba kusoma uchumi!

Hilo ningelimeza. Lakini rafiki yangu wa shule naye alipita hapohapo, akanitumia yake nimsomee. Kisima kilekile! Dumu lilelile la njano! Sentensi ya kwanza neno kwa neno, ila yeye kapewa mdogo wa kuongozana naye, mimi nakwenda peke yangu. Huyo rafiki kakulia Upanga, ghorofani. Kisima atakuwa amekiona kwenye kitabu cha darasa la pili.

Nisieleweke vibaya. Kurudia insha yako mwenyewe hakuna ubaya, tena ndiyo akili yenyewe ya kazi hii. Vyuo vingi vina maswali yao ya ziada juu ya ile insha kuu. University of California hawamo kabisa kwenye Common App: wana maswali manane, unachagua manne, kila jibu lisizidi maneno 350. MIT nao wana fomu yao. Nani atakaa aandike kila kimoja kuanzia sifuri? Aya yangu ya vipimo niliikata nikaiweka kwenye swali la jamii, na kipande cha kiuno kikaingia vizuri sana kwenye ile barua ya Stanford, ya kumwandikia mtu mtakayeishi naye chumba kimoja. Swali la "kwa nini chuo chetu" ndilo halirudiwi. Ukibadilisha jina la chuo tu, insha inakosa mwenyewe.

Na haya, Mungu anisamehe, nilifundishwa na mshauri yuleyule. Kikao cha kwanza alichora jedwali ubaoni, maswali ya vyuo juu, visa vya maisha yangu pembeni, tukawa tunatia alama kisa gani kinajibu swali gani. Lilinipunguzia kazi kweli. Kwa jedwali lile nilikuwa tayari kumpa nyota tatu.

Halafu nikampigia simu kuhusu kisima. Unajua alichojibu? "Mnaomba vyuo tofauti, nani atawalinganisha?" Hivi tu. Unapotuma maombi unatia saini kwamba maelezo ni yako na ni ya kweli, na chuo kikigundua uongo kinaweza kufuta nafasi hata kama kilishakukubali. Saini ni yangu. Jina lake halipo popote. Nyota mbili.

Nikaomba nirudishiwe hela ya uhariri. Dada wa mapokezi akanijibu, bila hata kuinua macho, kwamba kazi imeshafanyika. Kazi gani? Ya kumfuta mama yangu? Nyota moja, na hiyo ni ya jedwali.

Nilituma ya cherehani. Chuo kimoja kilinikubali, ufadhili haukutosha, na hilo siwalaumu wao.

Ukilazimika kwenda, lipia kikao cha kwanza tu, piga picha ubao, aga uondoke. Au hata hicho usilipie. Chukua daftari, maswali juu, visa vyako pembeni, jaza mwenyewe. Na wakikuuliza maji mnateka wapi, nyanyuka.