Programu ya kuandika kwa sauti: inasikia vizuri ila inakula maneno

Jamani mnaoulizia hii programu ya kuongea yenyewe inaandika, mimi naitumia dukani, mikono imeshika mzigo we unaongea tu meseji inaenda, na kusikia inasikia kwa kweli, hata makelele ya Kariakoo na honi za bodaboda hayaisumbui. Bando haili sana. Hapo sina neno.

Shida yake ni moja na ni kubwa: ukirudia neno inadhani una kigugumizi, inafuta moja. Sasa sisi tunaongeaje bila kurudia? Nimemtumia dogo wa kaunta "wape wale vijana wa mkokoteni elfu tano tano", ikaandika elfu tano, vijana 4 wakapewa elfu tano wagawane, wamerudi wamenuna na ni haki yao kabisa, mtu kasukuma mzigo juani halafu aondoke na 1,250. Siku nyingine namwambia kaka yangu wa Mwanza mama anaumwa umwa, yaani si wa kulala kitandani, leo mguu kesho kichwa, yeye kasoma "mama anaumwa" akaanza kutafuta basi usiku usiku.

Halafu mtoto kaisomea insha yake ya historia, Vita vya Maji Maji 1905 hadi 1907, ikatoka Vita vya Maji. Hiyo imeniuma, watu wa Kusini wamekufa wakipigana na Mjerumani halafu jina la vita vyao libaki nusu.

Polepole na sawasawa inaziacha zilivyo, nadhani kwa vile zinaandikwa pamoja, lakini moto moto, juu juu, mmoja mmoja zote zinapukutika. Ukimwambia mteja mzigo unatoka leo leo inaandika leo, na anayefanya biashara anajua hizo ni ahadi mbili tofauti.

Kwenye setingi kuna sehemu ya kusafisha maneno, ukiizima marudio yanarudi ila inaleta na "eee" zako zote, meseji inakuwa ndefu kama barua. Bora hivyo kuliko kupunja watu hela zao.

Naipa nyota 3. Kwa salamu pakua tu, ila kama unatuma oda au malipo zima hiyo sehemu kwanza, na penye idadi soma tena kabla hujatuma.