Uzoefu wangu: kulipia dekea siku ambazo mtoto hayupo

Mwanangu aliingia dekea, yaani kituo cha kulelea watoto, mtaani Donholm, Nairobi, Januari 2024, akiwa na umri wa miezi minne, baada ya mimi kumaliza miezi mitatu ya likizo ya uzazi ambayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mama, pamoja na siku 21 za likizo yangu ya mwaka. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa masharti ninayoyaeleza hapa niliyakuta pia, kwa viwango tofauti, katika vituo vingine viwili nilivyovitembelea kabla ya kukichagua hiki. Ada ni shilingi 8,800 kwa mwezi, hulipwa kwa M-Pesa kabla ya tarehe tano, na ndani yake mna uji wa saa nne na chakula cha mchana. Pahali ni safi, walezi ni wapole, na mwanangu hulia zaidi jioni ninapokwenda kumchukua kuliko asubuhi ninapomwacha, jambo ambalo kwangu ni sifa tosha. Kilichonisumbua ni kifungu kimoja cha fomu ya usajili, ambacho nilikitia sahihi bila kukisoma mara ya pili, kinachosema kwamba ada haipunguzwi mtoto anapokosa kuhudhuria kwa sababu yoyote ile.

Uzito wa kifungu hicho niliuhisi Februari 2025. Mlezi alinipigia simu saa tano asubuhi kunieleza kwamba mtoto ametokwa na vipele tumboni na shingoni, nami nilipofika nikajua ni tetekuwanga kabla hata sijamvua fulana. Watoto watatu wa chumba chake walikuwa wameugua katika wiki mbili zilizotangulia, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza ameupata wapi. Chanjo ya tetekuwanga haimo katika zile za bure za serikali, na mimi sikuwa nimemlipia. Kanuni ya kituo, ambayo siipingi, ni kwamba mtoto harudi mpaka vipele vyote vikauke na kufanya magamba. Alikaa nyumbani siku tisa za kazi. Nne nilizikata kwenye likizo yangu, na tano nilimlipa binti wa jirani shilingi 700 kwa siku, jumla 3,500. Ukijumlisha na ada, mwezi huo nilitumia shilingi 12,300 kwa malezi, ilhali kituo kilikaa na mwanangu siku 11 pekee.

Nilimwendea mwenye kituo jioni moja, akiwa ameketi kwenye meza ndogo ya mlangoni, mbele ya daftari la mahudhurio ambalo kalamu yake imefungwa kwa uzi ili wazazi wasiondoke nayo. Hakukasirika. Alinigeuzia daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya wiki ile ya tetekuwanga, ambapo kati ya watoto kumi wa chumba kile walikuwa wamefika wanne, akasema, "Mama Tumaini, mtoto akikosa kuja, mlezi wake hakosi." Walezi wa chumba hicho ni wawili, na mishahara yao, kodi ya nyumba na stima havikushuka kwa sababu watoto sita walikuwa wamelala kwao wakijikuna. Kwa hilo nilimpa haki yake, kwa maana ninacholipia hasa ni nafasi ya mwanangu, na nafasi hiyo haikupewa mtoto mwingine.

Sikukubaliana naye kuhusu chakula. Unga ambao haukukorogwa na ndengu ambazo hazikupikwa vilibaki stoo, na mzazi aliyevilipia ana haki ya kuviulizia. Tuliongea kwa muda mrefu, naye mwishowe akakubali kunipunguzia shilingi 80 kwa kila siku, yaani 720, kwenye ada ya Machi, kwa sharti kwamba kuanzia hapo mzazi atoe taarifa siku ya kwanza na mtoto akose siku tano mfululizo au zaidi. Ni fedha kidogo, lakini nilizipokea kwa furaha isiyolingana nazo.

Likizo ya Desemba ina utaratibu wake: ukienda mashambani kwa wiki tatu au zaidi, unalipa nusu ya ada, 4,400, ili nafasi ishikiliwe. Niliwahi kufikiria kumwondoa mtoto na kumsajili upya Januari, ila ada ya usajili ni 3,000, na foleni ya wanaongoja ni ndefu, kwa hiyo nililipa.

Pale ambapo nililalamika kwa sauti, na bado nalalamika, ni wakati wa mafuriko ya 2024. Serikali iliahirisha kufunguliwa kwa shule kutoka Aprili 29, na zikaja kufunguliwa Mei 13. Kituo nacho kikafunga kwa muda uo huo, kwa kuwa mtaro wa nyuma ulikuwa umefurika hadi jikoni. Sisi tulioajiriwa tuliendelea kutakiwa kazini. Tulitumiwa ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba ada ya Mei ni kamili. Hapa hoja ya nafasi haisimami, kwa sababu nafasi yenyewe haikuwapo, nami niliandika hivyo bila kupamba. Baada ya siku nne tulipunguziwa robo, shilingi 2,200, ingawa mlango ulikuwa umefungwa kwa karibu theluthi ya siku za kazi za Mei. Kituo hicho hicho hunitoza shilingi 100 kwa kila robo saa ninayochelewa baada ya saa kumi na mbili unusu, hata foleni ya magari ya barabara ya Outering ikiwa ndiyo iliyonichelewesha. Yaani dakika zangu zinahesabiwa na siku zao hazihesabiwi.

Nimebaki nao, na mzazi akiniuliza humwambia ampeleke mtoto pale, ila kabla ya kutuma fedha aombe aandikiwe mambo mawili: marejesho ya chakula, na ada itakuwaje kituo chenyewe kikifunga. La kwanza sasa limo kwenye fomu. La pili nimeahidiwa tangu Machi, na nilipouliza wiki iliyopita niliambiwa mashine ya kuchapisha imeishiwa wino.