Kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha: huduma inayostahili gharama yake

Anayetafuta simba asiende Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa kuwa simba hawapo, na wakala yeyote anayemwahidi mteja wanyama wakubwa watano kwa ziara ya nusu siku huko anauza asichokuwa nacho. Wakala aliyetukodisha gari, ambaye sitamtaja, alitoa ahadi hiyo hiyo bila haya, kisha dereva wake akataka tumalize kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Hilo ni kosa la wakala, wala si la hifadhi, ambayo kwa mtu anayependa misitu ya milimani ni miongoni mwa sehemu bora kabisa Kaskazini mwa Tanzania.

Huduma ninayoisifu hapa ni matembezi ya miguu yanayoongozwa na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, chini ya Mlima Meru, ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,566. Bunduki hiyo si mapambo: nyati ni wengi, hasa katika uwanda wa majani uitwao Serengeti Ndogo, na askari wetu alisimama mara kwa mara kusikiliza vichaka kabla ya kuturuhusu kusogea. Twiga walitutazama kutoka umbali ambao ndani ya gari mtu hauhisi kuwa karibu, na ngiri walikimbia wameinua mikia.

Hata hivyo, mwenye msitu huu ni mbega. Kima huonekana haraka kwa sababu hahami-hami tu bali hurukaruka akitafuta matunda na wadudu, ilhali mbega, ambaye chakula chake kikuu ni majani, hujilaza juu ya tawi kwa muda mrefu akisubiri tumbo lake lenye vyumba kadhaa lifanye kazi ya kuyameng'enya. Ukisimama chini yake kwa utulivu utaona manyoya meupe yanayoning'inia ubavuni kama joho, mkia mrefu wenye kishungi, na mkono usio na kidole gumba cha kuonekana, jambo ambalo halimzuii kuruka kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima na hubadilika rangi baada ya miezi michache, kwa hiyo mwenye darubini achunguze kifuani mwa majike kabla ya kuondoka. Nani angeyaona hayo kupitia dirisha la gari linaloendeshwa kwa pupa?

Katika matawi hayo hayo husikika hondohondo kabla hawajaonekana, pamoja na shorobo, ndege wa kijani ambaye huonyesha wekundu wa mabawa yake anaporuka tu. Wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba.

Kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita tatu hivi, hutazamwa kutoka ukingoni pekee, kwani wageni hawaruhusiwi kushuka, na bila darubini nyati walio chini huwa ni nukta tu. Maziwa ya Momella yanafaa zaidi: maji yake ya magadi hutofautiana rangi kutokana na mwani, na ndege aina ya heroe (flamingo) huyafuata kwa ajili ya chakula, ingawa idadi yao hubadilika kiasi kwamba hakuna mwongozaji mwaminifu atakayekuhakikishia utawakuta.

Malipo ya matembezi hayamo katika kiingilio, kwa hiyo ni vyema kuyapanga mapema na kumweleza dereva tangu mwanzo kwamba atasubiri. Ingieni asubuhi, mkiwa na viatu vilivyofunika vidole na koti la mvua. Raia wa Afrika Mashariki wasisahau vitambulisho, kwa kuwa viwango vyao ni nafuu sana kuliko vya wageni wa kutoka nje.